Mmekodisha kiwanda cha Awendo. Klabu je?

Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Migori, Waziri wa Michezo, Shirikisho la Kandanda Kenya (FKF) na wawekezaji waliokabidhiwa kiwanda cha sukari cha SoNy (South Nyanza)

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote barua moja makusudi. Suala lenyewe limezoea kuhama ofisi: huku unaambiwa hilo ni la kiwanda, kule unaambiwa ni la kaunti, na ukifika mbele zaidi unaambiwa mpira una wenyewe Nairobi. Sasa someni pamoja, kila mmoja akimwona mwenzake.

Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa wawekezaji kwa muda wa miaka 30: Nzoia, Chemelil, Muhoroni na hiki chetu cha SoNy. Tulisikia mengi siku zile. Malimbikizo ya mishahara, pesa za wakulima, mitambo iliyochoka, mashamba ya kiwanda yatakayopandwa upya. Yote ni ya haki na mengine bado yanatuuma. Lakini kuna kitu kilichozaliwa na kiwanda hiki ambacho sijasikia kikitajwa kwenye mkutano wowote wa hadhara, nacho ni klabu ya soka ya SoNy Sugar. Nauliza kwa heshima: katika makabidhiano hayo, klabu imehesabiwa kama nini? Kama mali iliyokodishwa pamoja na matrekta? Kama deni? Na ikiwa haimo kwenye hesabu ya yeyote kati yenu, basi ombi langu ni moja. Ipeni Awendo. Jina, kumbukumbu, vikombe na mahali pa kuchezea viandikwe kwa maandishi kuwa ni vya watu wa hapa, wakati bado tupo tunaokumbuka.

Baadhi yenu mwaka 2006 mlikuwa kwenye shughuli nyingine, kwa hiyo niruhusuni niwarudishe nyuma. Mwaka huo bingwa wa Kenya alitoka Awendo. Sizungumzii kombe la mtoano, ambalo timu ndogo ikipata droo nzuri na kipa aliyeamka vyema inaweza kulibeba. Nazungumzia ligi, msimu mzima, nyumbani na ugenini, jua na matope. Ligi ya taifa ilianza 1963 na bingwa wake wa kwanza alikuwa Nakuru AllStars. Baada ya hapo taji likazoea Nairobi: Abaluhya iliyokuja kuitwa AFC Leopards, Gor Mahia, Breweries ambayo sasa ni Tusker. Mara chache lilichepuka. Lilikwenda Mombasa na Feisal 1965, likaenda Naivasha na Oserian Fastac 2001 na 2002. Kisha 2006 likashuka barabara ya Kisii, likapita Rongo, likaja kulala hapa, mji ambao abiria wa basi la Isebania akisinzia kidogo anaupita bila kujua. Katika ukanda wote wa miwa, kuanzia Nzoia hadi kwetu, hakuna klabu nyingine iliyowahi kutwaa Ligi Kuu, kabla yetu wala baada yetu. Mumias haikuwahi. Chemelil haikuwahi.

Mwaka huohuo, niongeze, FIFA iliisimamisha Kenya mwezi Oktoba kwa sababu ya vurugu za uongozi wa soka. Ndiyo kawaida yetu: wachezaji wanapanda, wenye suti wanatuangusha.

Siku ya mechi ya nyumbani mji huu ulikuwa na ratiba yake. Honi ya zamu ikilia kiwandani, watu walitoka langoni wakaelekea uwanjani moja kwa moja, ovaroli zina grisi, gambuti miguuni. Harufu ya molasi ilikuwa kila mahali, nasi tulikuwa hatuisikii tena; wageni ndio waliokunja pua. Matrekta yaliyobeba miwa yaliegeshwa kando ya barabara kwa kisingizio cha injini kuchemka, na dereva ungemkuta amesimama nyuma ya goli, akisema anangoja ipoe. Watoto walichomoa miwa kwenye trela, wakatafuna mechi nzima, na refa alipopuliza filimbi ya mwisho ardhi chini ya miti ilikuwa imegeuka nyeupe kwa makapi. Kina mama waliuza njugu kwenye koni za karatasi zilizochanwa daftari za shule; ukimaliza njugu unasoma hesabu za mtoto wa jirani na alama nyekundu za mwalimu.

Mechi ngumu kuliko zote haikuwa ngumu uwanjani peke yake. Gor Mahia ikija, nyumba ziligawanyika. Hapa ni Nyanza, na Gor ni timu ambayo baba humwachia mwana kabla ya shamba. Sasa mshahara unatoka SoNy, damu inatoka Gor, ufanyeje? Wako waliovaa kijani wakanyamaza dakika tisini. Wako waliokaa upande wa wenyeji na kujikuta wamesimama bao la Gor lilipoingia. Na wako vijana, wazaliwa wa nyumba za kiwanda, ambao kwao hilo halikuwa swali hata kidogo. Kwa hao, SoNy ilikuwa timu ya kwanza waliyoipenda bila kurithishwa na mtu. Napenda mfikirie jambo hilo vizuri. Katika eneo ambalo soka limebeba mbari na ukoo kwa miongo, mji mdogo ulipata timu iliyotokana na mahali na kazi. Mkisii alicheza, Mluhya alicheza, Mluo alicheza, Mkuria alikuja kutoka upande wa mpaka akashangilia.

Timu za viwanda hazikuota zenyewe. Miwani ilianza kusaga miwa 1922, enzi za mkoloni. Baada ya uhuru zikaja Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978 na SoNy 1979. Kiwanda kilipojengwa kilikuja na mji wake: nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati, na uwanja wa mpira. Kijana mwenye mguu mzuri hakusainishwa mkataba wa mamilioni. Aliajiriwa. Asubuhi alikuwa karani wa mizani, fundi wa mitambo au mlinzi wa lango, na jioni yuko mazoezini. Akivunjika mguu alikuwa na kazi ya kurudia. Akizeeka kimpira alibaki kazini, na kijana aliyemrithi jezi alimwona kila siku, akamuuliza maswali.

Mpango huo ulikuwa na nguvu kuliko wengi wanavyokumbuka. Tazameni washindi wa kombe la taifa wa miaka ile: Rivatex ya Eldoret 1990 na 1995, Mumias Sugar 1996, Eldoret KCC 1997, Mumias tena 1999, Chemelil 2003. Nguo, sukari na maziwa. Wakati ule ukitaka kuona mpira mzuri hukulazimika kupanda basi la usiku kwenda Nairobi.

Lakini ulikuwa na kasoro moja, nayo ndiyo inayonifanya niandike leo. Klabu haikuwa na mwenyewe zaidi ya kiwanda. Sisi mashabiki hatukuwa na kadi za uanachama, hatukuitwa mkutano mkuu, hatukupiga kura ya kumchagua mwenyekiti wala katibu. Kazi yetu ilikuwa kushangilia na kulipa kiingilio. Mambo yalipokuwa mazuri hakuna aliyeona tatizo, mimi nikiwa wa kwanza kutouliza. Nani huuliza hati ya nyumba akiwa mezani anakula?

Kilichovikausha viwanda mnakijua kuliko mimi. Madeni, mitambo mizee, miwa iliyokatwa kabla ya kukomaa na kupelekwa kwingine, sukari ya bei nafuu kutoka nje, na usimamizi uliojadiliwa bungeni mpaka wasikilizaji wakachoka. Mumias, iliyokuwa kubwa kuliko zote, iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, Septemba 2019. Soka nalo lilikuwa na ukame wake. SuperSport, waliokuwa wakionyesha ligi na kuilipia, walijiondoa 2017. SportPesa, mdhamini mkuu, akaondoka 2019 baada ya kuvutana na serikali kuhusu kodi na leseni. Msimu wa 2019/20 ukaanza bila mdhamini wa ligi. Mkulima akikosa malipo upande huu na ligi ikikosa pesa upande ule, timu iliyosimama katikati ingeshika wapi?

Hapo ndipo SoNy Sugar ilipoanza kukosa kufika uwanjani. Mara ya kwanza wapinzani wakapewa pointi za mezani. Ikawa ya pili. Ya tatu ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa ndivyo kanuni ilivyosema: klabu ikikosa mechi tatu inatolewa. Mwishoni mwa 2019 tukatimuliwa, matokeo yote tuliyokuwa tumepata yakafutwa, na jedwali la msimu huo likabaki na timu 17. Miezi michache baadaye korona ikasimamisha mechi, Gor Mahia ikatangazwa bingwa, na Chemelil, iliyokuwa mkiani, ikashushwa daraja. Msimu mmoja, klabu mbili za miwa zimekwenda. Tangu hapo jina la SoNy Sugar halijarudi Ligi Kuu.

Sina nia ya kumnyooshea mtu kidole kuhusu zile mechi tatu. Basi linataka dizeli, wachezaji wanataka chakula na kitanda, na kutoka hapa hadi Mombasa kucheza na Bandari ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Kanuni nayo ni kanuni. Timu nyingine zilikuwa zimejipanga, zimesafiri, zimepasha misuli, na mpinzani hajatokea. Ninachouliza ni kingine. Timu ikifungwa mechi thelathini inashuka daraja moja, mwaka unaofuata inajaribu tena, na mashabiki wake wana la kuzungumza. Hii yetu ilifutwa. Ukitafuta jedwali la msimu ule huioni hata mkiani.

Sasa tazameni Kisii, ambako ni mwendo mfupi tu kwa matatu kwenye barabara hiihii. Mwaka uleule wa 2006 sisi tukipokea kombe, Shabana ilishuka kutoka Ligi Kuu. Tuliwacheka, sitaficha. Shabana ilianzishwa 1980, na Uwanja wa Gusii ulikuwa nyumba yake ya kelele. Ilitoa watu wa maana: Mike Okoth alivaa jezi ya Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji, na mwanawe Divock Origi ndiye aliyeifungia Liverpool bao la pili kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Juni 2019. Shabana ilikaa madaraja ya chini miaka 17. Ilipita kwenye viwanja ambavyo mbuzi hulazimika kufukuzwa kabla ya mechi kuanza. Mwaka 2023 ikarudi, na Tore Bobe, kama wanavyojiita mashabiki wake, wakajaza viwanja kana kwamba hawakuwahi kuondoka.

Kwa nini wao wamerudi na sisi hatujarudi? Hawana pesa kuliko tulizokuwa nazo sisi. Hawakuwahi kuwa mabingwa wa Kenya. Nimelitafakari hili kwa muda, na jibu langu ni kwamba jina la Shabana lilikuwa limekwisha kuhamia kwa watu. Duka lililoipa jina halikuhitajika tena ili timu iwepo. Kulikuwa na mtu wa kukusanya mchango sokoni, mtu wa kuandika barua, mtu wa kugombana na mwenyekiti na mtu wa kumpatanisha naye. Kugombana nako ni dalili ya uhai. Huwezi kugombania kitu usichohesabu kuwa chako.

Gor na AFC vilevile. Serikali ilipoamuru mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa All Footballers Co-operative, yaani AFC, na Gor kwa ujanja wa aina yake ikajiita Gulf Olympic Rangers ili herufi zibaki zilezile. Majina yalibadilishwa kwa amri, na Jumamosi iliyofuata watu walewale wakaja na ngoma zilezile. AFC imewahi hata kushuka daraja na ikarudi. Kwa upande wa pili kuna Oserian Fastac. Mabingwa mara mbili mfululizo, timu ya shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha. Mwenye shamba alipoacha mpira, timu ikaisha. Mwulizeni kijana wa leo wa Naivasha kama anajua mji wake uliwahi kuwa na bingwa wa Kenya.

Awendo iko njia panda ya hizo mbili, na upande tutakaoelekea unategemea saini zenu.

Niseme kuhusu kumbukumbu, kwa sababu hapo hali ni mbaya zaidi. Nilitafuta orodha kamili ya kikosi cha 2006, wachezaji, benchi la ufundi, daktari wa timu, mpaka dereva wa basi. Nikaenda ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani alikuwa mkarimu, akaniongoza hadi stoo. Faili za chini zilikuwa zimelowa zikakauka zikashikana. Ukivuta ukurasa unachanika, na wino wake umebaki kwenye ukurasa wa juu, maandishi yamegeuka kinyumenyume. Tulifunua chache tukaacha, maana tulikuwa tunaharibu zaidi.

Picha bora ya timu niliyoiona iko kwa kinyozi hapa mjini, imebandikwa kando ya kioo. Nyuso za safu ya nyuma zimeliwa na mvuke na maji ya kunyunyiza nywele. Wateja hubishana: yule wa tatu kutoka kushoto, mmoja anasema ni beki, mwingine anaapa ni kipa wa akiba. Kinyozi haingilii. Na kuna mzee, mlinzi mstaafu, anayehifadhi tiketi za mechi ndani ya kopo tupu la Kimbo. Nimezishika mkononi. Vipande vyembamba vya karatasi za rangi, muhuri wa bluu umefifia, nyingine zina tundu la pini. Nyingi hazina tarehe, lakini mzee anazitambua kwa rangi: za waridi zilikuwa za mechi kubwa, za kijani za kawaida. Mpaka sasa huo ndio mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za bingwa wa Kenya wa 2006. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakuwa wanatania.

Basi nije kwa kila mmoja wenu.

Mheshimiwa Gavana, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka mikononi mwa kaunti maktaba, makumbusho, na michezo pamoja na vifaa vyake, tena vyote katika aya moja. Hakuna haja ya kungoja sheria mpya. Naomba ofisi yako itangaze hadharani hali ya viwanja vya mpira vya Awendo, kuanzia Green Stadium ambako SoNy ilikuwa ikicheza: hati iko kwa nani, ardhi imesajiliwa kwa matumizi gani, na ni kitu gani kinazuia kuamka siku moja tukakuta mabati ya ujenzi na bango la maduka. Pili, tengeni chumba. Chumba kimoja chenye paa lisilovuja, kabati la chuma na mtu mmoja mwenye skana. Picha ya kinyozi ipigwe nakala, tiketi za mzee zipigwe nakala, kisha warudishiwe zao. Wachezaji wa 2006 wengi bado wako hai. Wengine wanalima miwa, wengine wanafundisha watoto mpira bila kulipwa. Waulizwe na warekodiwe. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina kituo Kisumu, na wataalamu wake wanajua namna ya kutenganisha karatasi zilizoshikana bila kuzichana kama nilivyofanya.

Wawekezaji wetu, karibuni Awendo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sitawaomba mgharimie timu ya Ligi Kuu. Mmekuja kusaga miwa, na deni letu la kwanza kwenu ni miwa mizuri, kama ambavyo deni lenu la kwanza kwetu ni malipo kwa wakati. Ninachoomba ni karatasi moja inayosema kwamba jina la klabu, nembo yake, vikombe na picha zozote zilizo ndani ya majengo mliyokabidhiwa havimo katika mali mliyokodi, na kwamba mko tayari kuvikabidhi kwa klabu ya wanachama itakaposajiliwa. Kama mna chumba cha mikutano chenye kabati la vioo na kombe limo ndani, fungueni mlango tulione, hata kabla ya mawakili kumaliza kazi yao. Mkitaka baadaye kununua jezi za timu ya vijana, au ya wasichana ambao siku hizi ndio wengi uwanjani jioni, hatutakataa. Hiyo itakuwa hiari yenu, na jina la klabu litabaki la mji.

Waziri, Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo, na klabu yoyote inayotaka kutambulika lazima ipite huko. Kwa mtu wa Awendo hiyo ni safari ya Nairobi, ada, fomu, katiba ya klabu iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili, na kurudishwa mara moja au mbili. Mlete msajili huku kwa siku moja. Aje Awendo, aende Chemelil, apitie Mumias, akae kwenye ukumbi wa chifu na wananchi waandikishwe wakiwa na vitambulisho vyao mkononi. Upo pia Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Tunajua Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 linakuja kwetu, Uganda na Tanzania, na pesa nyingi zinaelekea kwenye viwanja vikubwa. Sina wivu na viwanja hivyo. Lakini wachezaji watakaovijaza hutoka mahali kama hapa, na kwa sasa nguzo za goli letu la mazoezi ni miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa waya.

Ndugu zangu wa shirikisho, kwenu nina mambo mawili. Rudisheni kwenye kumbukumbu za msimu wa 2019/20 zile mechi tulizocheza kabla ya kutimuliwa. Pointi hatuzidai. Andikeni tu kwamba zilichezwa, nani alifunga, nani alianza, kwa sababu kuna vijana waliocheza mechi yao ya kwanza ya Ligi Kuu siku hizo, na kwa karatasi zenu ni kama hawakuwahi kuingia uwanjani. Pia itazameni upya ile kanuni ya mechi tatu. Klabu ikikosa mechi ya kwanza, huo ni mlio wa hatari. Mwite mwenyekiti siku ileile, mwite mdhamini, waite mashabiki, kaeni chini muulize kuna nini. Kungoja mpaka ya tatu ndipo mfungue kitabu cha kanuni ni kazi ya karani. Nyinyi ni walezi wa mchezo.

Najua lipo jibu ambalo wengi wenu mnaliandaa: mkulima hajalipwa, hospitali haina dawa, huyu naye anazungumzia mpira. Mkulima alipwe kwanza. Mimi mwenyewe nina miwa, na nikilazimishwa kuchagua kati ya pesa ya miwa na kombe kwenye kabati nitachukua pesa ya miwa, kisha niombe radhi kwa wachezaji. Lakini hakuna aliyewalazimisha kuchagua. Chumba, kabati, barua ya mwekezaji, hati ya uwanja kusomwa mbele ya watu na ziara ya msajili: jumlisheni gharama yake mlinganishe na sherehe moja ya kukata utepe.

Bajeti ya kaunti ya mwaka ujao wa fedha itapitia vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kabla ya Juni kwisha. Naomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao cha Awendo kwa maandishi, likiwa na jina la afisa atakayelijibu, na mwekezaji atume mtu mwenye mamlaka ya kutia saini. Kikao kikifanyika siku ya soko watu watakuwa wengi zaidi. Mzee wa tiketi amekubali kuja na kopo lake, ila ameniambia halitaondoka mkononi mwake mpaka aone hilo kabati la chuma kwa macho yake.

Wenu katika mchezo,

Mkulima wa miwa na shabiki wa SoNy Sugar,
Awendo

Nakala: Bunge la Kaunti ya Migori, Mbunge wa Awendo, mashabiki wa Chemelil, Muhoroni, Nzoia na Mumias, wabadilishe majina waitume kwa wakubwa wao.